Ule "unyoya" kwenye uso wa jiwe si kisukuku: namna ya kusoma ufa ulianzia wapi, ukaelekea wapi, ukasimama wapi

Kokoto3 (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila baada ya wiki kadhaa mtu anatupia humu picha ya jiwe lenye mchoro kama unyoya au kuti, anauliza ni kisukuku cha nini, yaani mabaki ya kiumbe gani wa kale yaliyohifadhika kwenye jiwe. Wachangiaji wanagawanyika kambi mbili, ya ndege na ya mimea, wanavutana kurasa tatu, kisha uzi unalala bila jibu. Nimechoka kujibu vipande vipande. Leo naandika yote hapa, na mtu akiuliza tena nitamletea kiungo cha uzi huu tu.

Mchoro ule ni nyayo za ufa. Mwamba haupasuki sehemu zote kwa dakika moja. Ufa unaanza kwenye nukta, unatembea, na kila unapopita unaacha alama kwenye kuta zake mbili. Ukizijua alama hizo unaweza kuweka kidole mahali na kusema "ulianzia hapa", hata kama ulipasuka kabla ya kuwepo mtu yeyote wa kuusikia.

Kwanza tuelewane kwenye maneno. Karibu kila mwamba ulio wazi una nyufa zilizonyooka, mara nyingi zimejipanga sambamba kama vitabu kwenye rafu. Ufa ambao pande zake mbili zimeachana tu, bila upande mmoja kuteleza juu ya mwenzake, wanajiolojia huuita jointi. Ukiwa umeteleza ni habari nyingine, tutaigusa kama mtu atauliza. Upande mmoja wa jointi ukianguka, au ukiondolewa wakati wa kuchonga mlima kupitisha barabara, unabaki unautazama uso wa upande wa pili. Huo uso ndio tunaousoma.

Sasa, kwa nini unyoya? Ufa unapenda kufunguka kwa pembe mraba na mvutano unaoupasua. Kama mwamba ungekuwa sawasawa kila mahali, uso wake ungekuwa laini kama kioo cha kujitazamia. Lakini mwamba una punje, matundu, vipande vigumu na laini. Mstari wa mbele wa ufa ukifika pabaya unayumba kidogo, na kwa kuwa hauwezi kugeuka wote kwa pamoja, unachanika kuwa ndimi nyingi nyembamba, kila moja ikitembea juu kidogo au chini kidogo ya jirani yake. Kati ya ulimi na ulimi kunabaki kingazi kidogo, pengine kisichofika hata milimita moja. Hivyo vingazi ndivyo nyuzi za unyoya. Kila uzi umelala kwenye uelekeo ambao ufa ulikuwa unakwenda mahali pale, wakati ule.

Kwa hiyo usomaji ni rahisi kuliko unavyodhani. Fuata nyuzi kule zinakokusanyika, utafika kwenye kikonyo cha unyoya, na kwenye kikonyo ndiko chanzo kiliko. Kule zinakotawanyika ndiko ufa ulikokwenda.

Halafu kuna mbavu. Hizi ni mistari ya upinde inayokatiza unyoya, kama ile mistari inayobaki mchangani maji yakipwa. Kila ubavu ni mahali ambapo mstari wa mbele wa ufa ulipunguza mwendo, ukasita au ukasimama kabisa. Nyuzi zinaonyesha njia, mbavu zinaonyesha vituo. Ndiyo maana zikikutana hukatana kwa pembe mraba au karibu na hapo. Ukiona "unyoya" ambao nyuzi na mbavu zake hazikatani hivyo, rudi nyuma utazame tena, huenda umechanganya alama za vitu viwili tofauti.

Mbavu kwa kawaida zinabinuka kuelekea kule ufa unakokwenda, kwa sababu katikati ya tabaka ufa hutangulia na pembeni huchelewa. Nasema kwa kawaida. Zipo jointi ambazo pembeni ndiko kulikotangulia, na hapo upinde unageuka. Ndiyo sababu mimi nyuzi naziamini kwanza, mbavu baadaye.

Kuna pindo pia, ule ukingo wa juu na wa chini, lakini hilo ni refu. Niulizeni.

---

Nyundo_Baridi

Mkuu, nimefanya kazi kwenye machimbo ya mawe zaidi ya miaka kumi. Nyufa nimeziona mpaka basi. Huo unyoya sijawahi kuuona hata siku moja. Au unatokea kwa wasomi tu?

---

Kokoto3

Hahaha, mkuu, wewe umeupita mara elfu. Ulikuwa unafanya kazi saa ngapi? Saa sita mchana jua likiwa linapiga uso wa jiwe moja kwa moja huoni chochote, kwa sababu kingazi cha nusu milimita hakitoi kivuli. Rudi asubuhi mapema au jioni, jua likiwa linaparaza uso huo kwa ubavu. Jiwe ambalo mchana lilikuwa ukuta mtupu linajaa mistari. Kama ukuta hauelekei jua, nenda usiku na tochi, ibane karibu kabisa na jiwe, iwake sambamba na uso, kisha izungushe taratibu. Mimi mara ya kwanza kufanya hivyo nilikaa pale saa nzima kama mtu aliyerogwa.

Jambo la pili ni aina ya jiwe. Mnachimba nini? Kama ni itale yenye punje kubwa, nakuelewa. Punje zikiwa kubwa kuliko vingazi, mchoro unamezwa. Jiwe linaloandika vizuri kuliko yote ni lile la punje ndogo sana: tope la kale lililogeuka jiwe, chaki, basalti laini (lava iliyoganda). Na hata hapo, uso ukiwa umepakwa kalisaiti (madini ya chokaa) au kutu ya chuma, mchoro umefunikwa.

---

Nyundo_Baridi

Ni itale, ndiyo. Sawa, nimekusamehe. Tochi nitaijaribu.

---

FundiVioo

Naomba niingie hapa maana hii lugha naijua kwa upande wa pili. Kazi yangu ni vioo. Kioo kinene kikipasuka, ukitazama ukingo wa kipande unaona kitu kile kile: mahali ulipoanzia pako laini kabisa, panang'aa. Kisha kunakuja eneo lenye ukungu, kama umepulizia pumzi. Kisha mistari mikali inayotawanyika. Kisha ufa unagawanyika matawi. Sisi huwa tunapima lile eneo laini kujua kioo kilivunjika kwa nguvu kiasi gani. Likiwa dogo, mkazo ulikuwa mkubwa. Likiwa kubwa, kilikuwa kinavunjika kwa mkazo mdogo. Je, kwenye miamba mnafanya hivyo?

---

Kokoto3

Fundi, karibu sana, wewe ndiye niliyekuwa nakungoja.

Unachokieleza kina hesabu yake: mkazo ukizidishwa kwa kipeuo cha pili cha nusu kipenyo cha eneo laini unapata namba ambayo haibadiliki kwa kioo cha aina moja. Maana yake, eneo laini likiwa na nusu kipenyo kubwa mara 4, mkazo ulikuwa nusu. Na elimu yote hii ya nyufa imezaliwa kwenye kioo: A. A. Griffith mwaka 1921 alitumia kioo kuonyesha kwa nini vitu huvunjika kwa nguvu ndogo sana kuliko ile ambayo vifungo vya atomu zake vingeweza kuhimili. Ni kwa sababu tayari vina vijiufa vidogo ndani, na mkazo unajikusanya kwenye ncha ya kijiufa. Helmut Wallner naye mwaka 1939 akaeleza ile mistari ya mawimbi kwenye nyuso za kioo, inayotokana na ufa kukutana na mawimbi ya sauti wakati ukiwa bado unakimbia.

Kwenye miamba mfuatano huo huo tunauona: laini karibu na chanzo, kisha mikwaruzo mikali kadiri ufa unavyokua. Ufa ukirefuka chini ya mvutano ule ule, mkazo kwenye ncha yake unaongezeka, na ndipo unapoanza kuruka kwa vurugu na kukimbia kwa kasi inayokaribia ile ya sauti ndani ya jiwe. Kwa hiyo ukiona unyoya ujue mwamba ulipasuka kwa kishindo, sekunde moja tu.

---

BintiTabaka

Kaka Kokoto, hapo mwisho umeteleza. Nimekufuata vizuri mpaka ulipofika kwenye kishindo.

Kwenye kioo cha fundi, ni kweli. Ufa kwenye kioo cha kawaida hufikia kikomo cha karibu mita 1,500 kwa sekunde, na ukungu pamoja na matawi ni dalili za kasi ya namna hiyo. Lakini unyoya kwenye jiwe hauhitaji kasi. Umeeleza mwenyewe kwamba nyuzi zinatokana na mstari wa mbele kuyumba kwenye punje zisizolingana. Kuyumba huko kunatokea hata ufa ukitambaa kama konokono.

Na miamba ina njia ya kupasuka polepole. Maji yakifika kwenye ncha ya ufa hushambulia vifungo vya silikoni na oksijeni ambavyo tayari vimevutwa, yanavikata kimoja kimoja. Ufa unasogea kwa mkazo ulio chini kabisa ya ule unaotakiwa kuuvunja mwamba kwa mara moja. Jointi nyingi za asili zimenyooka makumi ya mita bila kutoa hata tawi moja. Kama zingekuwa zinakimbia kwa kasi ya kioo tungeona matawi kila mahali. Kwa hiyo unyoya unakupa uelekeo. Saa haukupi.

---

Kokoto3

Dada, nimepigwa na nimekubali. Nimeandika kwa pupa. Wasomaji, ile sentensi yangu ya "kishindo" ifuteni vichwani. Siirekebishi kule juu ili jibu la BintiTabaka libaki na maana.

Nadhani kosa langu ni la kawaida kwa waliojifunzia kwenye kioo. Unahamisha kila kitu, hadi vile visivyohama.

---

FundiVioo

Na mimi nilikuwa nimeshaanza kuwasimulia vijana kazini kuhusu kishindo. Kesho naenda kujirudi.

---

Mchimbaji_wa_Maswali

Samahani wakuu, swali la mjinga. Mnasema jointi inafunguka kwa mvutano. Lakini chini huko, kilomita mbili tatu, uzito wa miamba iliyo juu unabana kila kitu kutoka kila upande. Mvutano unatoka wapi? Huwezi kupasua kitu kwa kukivuta wakati kinakandamizwa.

---

BintiTabaka

Hilo si swali la mjinga hata kidogo.

Weka namba kwanza. Uzito wa miamba huongeza mkandamizo wa karibu megapaskali 25 kwa kila kilomita ya kina. Maji yaliyomo kwenye matundu ya mwamba, kama yameungana mpaka juu, yana shinikizo la karibu megapaskali 10 kwa kilomita. Kwa hali hiyo kweli ufa haufunguki, miamba inabana zaidi ya maji yanavyosukuma.

Lakini mkandamizo wa kutoka pembeni mara nyingi ni mdogo kuliko ule wa kutoka juu, na maji hayabaki na adabu hiyo siku zote. Matabaka yakizikwa haraka, au mabaki ya viumbe ndani yake yakipikwa na kuzaa gesi, kioevu kinakosa pa kutokea. Shinikizo lake linapanda. Likizidi ule mkandamizo mdogo kuliko yote, kioevu kinafanya kazi ya kabari: kinasukuma kuta za kijiufa kutoka ndani, na kwa ile ncha ya ufa hakuna tofauti kati ya kuvutwa kwa nje na kusukumwa kwa ndani. Donald Secor aliliandika jambo hili mwaka 1965 na tangu hapo watu wameacha kushangaa jointi za kina kirefu.

Na hapa ndipo zile mbavu za Kokoto zinakuwa tamu. Ufa ukirefuka, nafasi ndani yake inaongezeka, shinikizo linashuka, ufa unasimama. Kioevu kinapenyeza tena kutoka kwenye mwamba, shinikizo linapanda, ufa unapiga hatua nyingine. Kila kituo kinaacha ubavu. Mwaka 1992 Alfred Lacazette na Terry Engelder walichapisha uchunguzi wa jointi moja, ndiyo, moja tu, kwenye jiwe la tope la Ithaca, New York, mwamba wa zama za Devoni. Walipima hatua zake kutoka ubavu hadi ubavu na wakafikia hoja kwamba kilichokuwa kinasukuma ni gesi, kwa sababu maji pekee yasingeweza kuupeleka ufa hatua ndefu namna ile. Gesi inabanika. Inaweka nguvu kama springi, ufa ukifunguka inaendelea kutanuka na kusukuma. Maji yakipewa nafasi kidogo tu nguvu yote imekwisha.

Fikirini hilo. Gesi yenyewe ilishaondoka zamani, na ushahidi wake ni umbali kati ya mistari kwenye ukuta wa jiwe.

---

Mchimbaji_wa_Maswali

Nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nimesimama.

---

Kokoto3

Hiyo post ya dada ndiyo ingekuwa ya kwanza kwenye uzi huu, mimi ningekaa pembeni.

Niongeze la lava, maana huko mbavu zina ukoo wao. Mmeona picha za nguzo za basalti, zile za pembe sita kama Giant's Causeway kule Ireland ya Kaskazini. Watu hupiga picha vichwa vya nguzo. Sogea utazame ubavuni. Kila uso wa nguzo umekatwa mikanda ya kulala, mmoja juu ya mwingine, kama mtu amechonga kwa patasi. Lava inapoa kuanzia kwenye uso wake, inasinyaa, inapasuka. Ufa unaingia ndani kuelekea kwenye joto mpaka unafika mahali ambapo jiwe bado ni laini, likivutwa linanyumbuka tu. Unasimama. Joto likishuka, unaanza tena. Mkanda mmoja, hatua moja. Mkanda unaanza laini na kumalizikia kwenye ukwaru, pale ufa ulipokuwa unaishiwa nguvu ndani ya jiwe la moto.

Sasa mtego wake. Ndani ya mkanda mmoja, unyoya umelala kuelekea kulia na kushoto, kwa sababu mkanda ni mrefu kuliko ulivyo mpana. Mtu akiusoma harakaharaka atasema nguzo ilipasuka kwa kulala. Wapi! Unatakiwa utafute chanzo cha kila mkanda kiko kwenye ukingo upi. Kama vyanzo viko kwenye ukingo wa chini, basi mikanda inapandana kwenda juu, na nguzo ilikua kutoka chini. Kama viko ukingo wa juu, ilikua kushuka. James DeGraff na Atilla Aydin waliliweka sawa hilo mwaka 1987. Kwenye mtiririko mnene wa lava unaweza kuta kundi la chini lilipanda, la juu likashuka, yakakutana katikati, na mpaka wao unauona kwa macho.

---

Kasuku_Mkimya

Pindo. Uliahidi pindo.

---

Kokoto3

Sijasahau, nilitaka tu mtu aniombe.

Chukua tabaka gumu lililobanwa kati ya matabaka mawili ya udongo mgumu. Unyoya umelala katikati yake, shina lake limenyooka, nyuzi zinapinda kwenda juu na chini. Zikikaribia mpaka wa tabaka, uso mmoja ulionyooka unakatika ghafla kuwa vijiufa vingi vifupi vilivyopishana, kila kimoja kimegeuka kidogo kwa pembe ile ile, kama vibao vya dirisha la luva. Hilo ndilo pindo.

Sababu ni kwamba mkazo kwenye tabaka la jirani haukuelekea sawasawa na kwenye tabaka hili. Hapa inabidi mtofautishe namna mbili za kugeuka. Shika karatasi mbele yako, ufa unakwenda mbele kutoka kwako. Kama mvutano mpya unautaka ufa uiname, upande juu au ushuke chini huko mbele, ufa unapinda polepole na unabaki kipande kimoja. Lakini kama mvutano unautaka ujisokote, upande wa kushoto uinuke na wa kulia ushuke, mstari wa mbele hauwezi kujisokota wote bila kuchanika. Unakatika vipande, kila kipande kinajigeuza chenyewe. Kwa hiyo ukiona vibao, ujue palikuwa na msokoto, na upande ambao vibao vimegeukia unakwambia mkazo ulizunguka kwenda kulia au kushoto. David Pollard na wenzake wawili walilichambua hili mwaka 1982 na maelezo yao bado yanatumika.

Ajabu ni kwamba zile nyuzi ndogo za unyoya na vibao vikubwa vya pindo ni kitu kimoja kwa ukubwa tofauti. Nyuzi ni msokoto mdogo unaosababishwa na punje, pindo ni msokoto mkubwa unaosababishwa na tabaka zima.

Na aliyeanza kuyaandika haya kwa makini ni Jay Backus Woodworth, mwaka 1896, kwenye miamba ya maeneo ya Boston. Unyoya, pindo, vyote alivichora kabla Griffith hajavunja kioo chake. Alikuwa na macho tu, hakuwa na nadharia ya kumwambia atafute nini. Mimi huwa namheshimu kuliko wote waliofuata, ingawa najua BintiTabaka atanipinga.

---

BintiTabaka

Sikupingi. Ila macho bila nadharia yamezaa pia kambi ya ndege na kambi ya mimea.

---

Jiwe_la_Pembeni

Mimi nina kazi ya kukagua sampuli za kuchimbua, zile nguzo ndefu za mwamba zinazotolewa na mashine ya kutoboa. Kila siku tunabishana: ufa huu ulikuwemo ardhini au umeletwa na mashine yenyewe? Kuna bosi mmoja alikuwa anahesabu kila mvunjiko kama ufa wa asili, ripoti ikasema mwamba ni mbovu kumbe mwamba ni mzima kabisa. Hizi alama zinasaidia?

---

BintiTabaka

Zinasaidia sana, pengine ndipo zinapolipa kuliko kwingine kote.

Jiulize kama ufa unaijua sampuli. Jointi ya asili ilikuwepo kabla ya sampuli kukatwa, kwa hiyo unyoya wake unapita na kukatwa na ukingo bila kujali. Chanzo chake mara nyingi hakimo kwenye sampuli kabisa, kimebaki ardhini. Lakini ufa uliozaliwa na mashine, au na mtu aliyeiangusha sampuli, unaujua ukingo ule. Utakuta chanzo kiko ukingoni kabisa, au unyoya umejipanga kufuata mhimili wa sampuli, au nyuzi zinapinda zikikaribia ukingo ili ziupige kwa pembe mraba. Hapo huna haja ya kubishana.

Ongeza na hili: kama uso una fuwele za madini zilizoota juu yake, ulikuwa wazi ardhini. Mashine haioteshi madini.

---

Nyundo_Baridi

Na ule ufa ulioteleza mlisema mtaugusa.

---

Kokoto3

Kwa kifupi. Uso ulioteleza umesuguliwa: unang'aa, una mikwaruzo iliyonyooka sambamba, yote inaelekea upande mmoja, haitawanyiki. Ukipitisha kiganja upande mmoja unateleza, ukirudi unakwama kwenye vingazi. Unyoya hutawanyika kutoka kwenye nukta, mikwaruzo haina nukta. Ukiona unyoya mzima, safi, ujue pande zile mbili hazijawahi kusuguana vya kutosha kuufuta. Lakini kukosekana kwa unyoya hakuthibitishi kwamba ufa uliteleza. Huenda jiwe halikuandika, au mvua imefuta.

Vitu viwili vingine vinavyowachanganya watu: michoro myeusi kama vichaka, hiyo ni manganizi iliyopenya na maji kwenye ufa uliokwisha kupasuka, ina rangi lakini haina kina. Na koni zenye mistari kama mkia wa farasi, zinazopatikana palipopigwa na kimondo, kama Vredefort kule Afrika Kusini. Hizo uso wake umejikunja kama tarumbeta. Jointi haijikunji hivyo.

Tofauti na hapo, tope likikauka nalo huandika. Vunja pande nene la tope lililopasuka, tazama ukuta wake, unyoya upo. Wengi wetu tungeapa kwamba ufa ulianzia juu, kwenye jua. Ram Weinberger alizisoma alama hizo, akachapisha mwaka 1999: nyufa nyingi alizochunguza zilianzia chini ya tabaka au karibu na chini, zikapanda juu.

---

Nyundo_Baridi

Chini?! Hapana, hilo nitaliangalia mwenyewe.

---

Mgeni_Jana

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye niliyeleta ile picha wiki iliyopita, ya "bawa la ndege". Sikutaka kusema mapema kwa aibu.

Jana jioni nilirudi pale na tochi. Ni kweli mchana haukuonekana vizuri, usiku umeonekana wote, una urefu kama hatua nne. Nimefuata nyuzi nikirudi nyuma kama mlivyosema. Mbavu nimehesabu 11, na nimeona zinazidi kuachana kadiri unavyokwenda mbali na chanzo. Nyuzi zikawa zinakusanyika, zinakusanyika, mpaka zikaishia kwenye kitone kimoja karibu na chini ya tabaka. Nimekisafisha kwa mswaki. Ni kombe dogo, lina mistari yake, limekaa kwa wima ndani ya jiwe, halifiki ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Ufa wote umetokea hapo.

Sasa naomba kuuliza: kombe hilo nalo ni alama ya ufa, au?

---

BintiTabaka

Hapana mdogo wangu, marahaba. Hicho ni kisukuku. Cha kweli.

Kitu kigumu chenye ukingo mkali ndani ya tope laini, mkazo unajikusanya hapo kuliko mahali pengine popote. Makombe, madonge magumu, mikunjo ya mchanga chini ya tabaka, ndivyo vinavyozaa jointi mara nyingi. Usilitoe. Piga picha na rula pembeni, tochi ikiwa upande wa kushoto, kisha nyingine ikiwa upande wa kulia.

---

Kokoto3

Kambi ya visukuku imeshinda kwa ukubwa wa kucha. Leta picha, nitaiweka juu kabisa ya uzi.